Jinsi ya Kutafiti Huku Wenzako Wakikucheka

Mahitaji: swali moja, daftari na moyo mgumu. Ukipata friza, vizuri zaidi.

1. Anza na kilichokushangaza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inaisha, akatia maziwa yake yakiwa ya moto. Yakaganda, huku ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado ni uji mzito. Mada ndiyo hiyo. Usiitafute kwenye rafu ya tasnifu za watu.

2. Uliza. Ukichekwa, uliza tena. Mwalimu alimwambia Mpemba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Siku Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea shule, Mpemba alinyoosha mkono tena. Wenzake wakaangua kicheko.

3. Lifanye swali lipimike. Maji ya ujazo sawa, haya nyuzi 35, yale nyuzi 100, yote yakiwekwa kwenye friza: mbona ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Swali la namna hii halihitaji mabishano, linahitaji kipimajoto.

4. Rudia kwa haki. Fundi wa maabara wa Osborne alipolipima swali hilo, alipata matokeo yaleyale ya Mpemba, kisha akaahidi kurudia mpaka apate yaliyo sahihi! Epuka mtego huo. Amua mapema: kuganda ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni maji yote kuwa jiwe? Chombo kina mfuniko? Kimekalia barafu ya friza, ambayo chombo cha moto kitaiyeyusha? Andika yote, kwa sababu mambo madogo hayo hugeuza matokeo.

5. Mtaje aliyeuliza. Makala ilipotoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ilibeba majina mawili: Mpemba na Osborne. Wasimamizi wa tasnifu, igeni hapo. Kazi ya kijana ibebe jina la kijana.

6. Pokea ubishi. Mwaka 2016 watafiti wawili walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa jambo hilo la maji ya moto kutangulia. Wengine bado wanalitetea. Kwa hiyo weka wazi vipimo vyako vyote, hata vilivyokukana, ili anayekubishia aanze na namba zako badala ya kuanza na kicheko.