Kiroba cha Masasi

Kiroba kilifika Chimala Ijumaa jioni, mwezi wa kwanza, mvua imefunika mlima wote wa kwenda Matamba usionekane hata kona moja. Kilikuwa kimetoka Masasi, kikapita Tunduru, kikalala Songea, kikapandishwa basi la Mbeya, kikaja kwa njia ya Njombe na Makambako. Konda alikivuta kutoka kwenye buti akamkabidhi mume wangu pamoja na karatasi iliyolowa yenye jina letu. Ndani mlikuwa na kilo sita za korosho mbichi, na maganda yake, kutoka shamba la wakwe wa shemeji yangu, ambaye ni mwalimu aliyepangiwa kazi huko na kuoa huko.

Maelekezo hayakuwemo. Kwa watu wa Masasi, kumwandikia mtu namna ya kukaanga korosho ni kama kumwandikia namna ya kumenya ndizi. Sisi hatukuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu tuna Mama.

Mama ni mama mkwe wangu, na kila kinachokaangwa na kutafunwa ni chake. Bonde lote la Usangu linalima mpunga, lakini yeye ana kipande chake cha mwinuko ambako maji ya mfereji hayapandi, na hapo hupanda karanga. Amewafundisha wajukuu kuilaza miche kwa mkono na kutazama. Ua la njano huchanua juu, kwenye jua, kama ua la maharage, maana karanga na maharage ni ukoo mmoja. Likishachavushwa, hutoa kikonyo kinachorefuka na kuinama mpaka kinachoma udongo, na ncha yake inavimba humo gizani ikawa ganda lenye punje. "Karanga ina haya," huwaambia. "Inachumbiwa hadharani, inajifungua chumbani." Ndiyo maana Mama haipandi kwenye udongo mgumu: kikonyo kikigonga pasipopenyeka, hakuna mtoto.

Serikali ya Uingereza ilikuja kujifunza jambo hilo kwa pesa nyingi. Mwaka 1947 ilianza mradi wa karanga Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, kwa nia ya kulima ekari zaidi ya milioni 3, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa kiangazi ulikauka kama tofali, karanga zikawa hazing'oki. Mradi ulifutwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda. Mama hajasoma habari hizo popote. Yeye hubonyeza udongo kwa kidole gumba kabla hajapanda, basi.

Kwenye kuchambua ndiyo usiseme. Karanga iliyosinyaa, yenye vumbi la kijani au iliyopasuka kabla ya kukauka haiingii ungoni mwake, na kuku hawapewi. Uingereza mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaonekana ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Ndipo dunia ikaijua sumukuvu. Bibi mmoja wa Chimala alikuwa amepata katazo hilo kwa mama yake, bila jina la sumu.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwa nini, siku kiroba kilipofika, hapakuwa na mtu wa kumwambia Mama kwamba hajui.

Kisa kilianzia kwa mwanangu wa pili, mwenye miaka tisa. Usiku uleule alichovya mkono kirobani, akachagua korosho moja, akaitia kati ya magego kama anavyofanya karanga bichi. Haikupasuka vizuri. Ilitoa majimaji mazito ya kahawia, naye akayatema na kujifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Alisema panachoma. Nikampa maji asukutue, nikamwambia akalale. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, kwa kuwa nilimsikia vizuri kabisa aliposema panachoma.

Asubuhi mvua haikukatika. Mama hukaanga karanga kwa mchanga wa mto Chimala, aliouchekecha na kuuosha mwenyewe. Mchanga ukishika moto, karanga zinaiva pande zote bila kuungua. Lakini ndoo ya mchanga ilikuwa imeachwa nje na imejaa maji. Akasema, "Mwanangu, hizi ni kubwa, zitavumilia sufuria tupu." Tukakoka moto kwenye mafiga ndani ya banda la jiko, mlango tukauegesha mvua isipige kuni. Sufuria ilikuwa ile kubwa ya kupikia wali wa wageni.

Dakika chache za kwanza hazikuwa na neno. Kisha maganda yakaanza kutoa jasho jeusi, na moshi ukapanda. Haukuwa moshi wa kuni tuliouzoea. Ulikuwa mzito, mchungu, unang'ang'ania machoni na kooni, na tulipokohoa tuliuvuta zaidi. Mama alisogea karibu azigeuze kwa mwiko, kama alivyozoea kuuzima moshi wa karanga. Mafuta yakalipuka. Ndimi za moto zilipanda mpaka kwenye fito, zile za ukingoni zikalamba mwiko, na korosho zikaanza kuruka na kurusha matone. Nilimvuta Mama kwa kitenge chake. Mume wangu aliingia mbio, akashika sufuria kwa gunia, akaitupa nje mvuani. Ilitoa mlio kama chuma cha mhunzi kikitiwa majini, kuku wakatawanyika, na korosho nyingine ziliendelea kuwaka palepale kwenye matope, mvua ikizipiga.

Tulisimama chini ya upenu tukitazama. Banda halikuungua; namshukuru Mungu kwa hilo mpaka kesho.

Nikampigia simu mke wa shemeji. Alianza kwa "Shikamoo dada," na nilipofika kwenye neno "jikoni" alinikatiza, jambo ambalo si desturi yake. "Ndani, dada? Mmekaanga ndani?" Akaniuliza nani ameshika maganda, nani ameng'ata, nani kavuta moshi. Akasema tuoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, tusijipanguse macho, nguo zilizoguswa tuzifue peke yake. Na akaniambia nisijipe matumaini ya mapema, kwa sababu mengine hutokea kesho yake au keshokutwa.

Yakatokea. Jumapili mdomo wa mtoto ulikuwa umevimba na kubabuka upande mmoja, na pale alipojifutia mkononi palikuwa na malengelenge yaliyopangana kama shanga. Mume wangu aliota upele wa maji kwenye mikono yote miwili mpaka kiwikoni. Mama macho yalijaa, kope zikawa nzito. Tulikwenda hospitali, wakatupa dawa ya kupaka. Wiki mbili mtoto alikula uji kwa kijiko kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Mama hakulalamika. Alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikonitia huzuni kuliko malengelenge. Jioni moja aliniuliza, "Hiyo korosho ni ndugu yake nani?"

Nikamweleza niliyokuwa nimeyasoma. Karanga ni ukoo wa maharage, lakini mkorosho ni ndugu wa mwembe. Akaelewa papo hapo, maana kila mtu hapa amewahi kuona mtoto aliyebabuka midomo kwa utomvu wa embe bichi. Ndani ya ganda la korosho mna tabaka kama sifongo lililojaa mafuta ya namna hiyo, makali zaidi sana. Viwandani huyakamua wakatengenezea rangi na breki za magari. Na lile bibo jekundu au la njano, ambalo mtu angelidhania ndilo tunda, ni kikonyo kilichonenepa. Tunda lenyewe ni lile linaloning'inia chini yake, wazi, bila kujificha popote. Karanga huzika mtoto wake. Korosho humwacha nje akiwa amevishwa moto.

Nimelifikiri sana jambo hili tangu siku hiyo, na naona Kiswahili kilikuwa na busara tuliyoipuuza. Hakina jina moja la kila siku la kuvitia vitu hivi vyote kapu moja. Ukisema kokwa, mtu anafikiria embe. Ukisema njugu, atakuuliza mawe au nyasa. Kila kimoja kina jina lake na adabu yake: lozi, nazi, korosho, karanga, makadamia ya Rungwe ambayo ganda lake linataka nyundo lakini halina ubaya na mtu, na kweme, inayopanda juu ya miti kama mboga ya maboga na ambayo mbegu zake Wachaga na Wapare humpa mzazi ili apate maziwa. Majina yalikuwa yametutenganishia. Sisi ndio tuliosema, hizi zote si za kukaanga tu?

Kiroba kilibaki kona ya stoo, kimefungwa kamba. Mume wangu alitaka kukitupa. Mama akakataa, kwa kuwa chakula alicholima mtu hakitupwi, nami nilikuwa upande wake. Msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho za wakulima na malori ya jeshi yakaenda kuzisomba, bei ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, kile kiroba kilikuwa karibu shilingi elfu ishirini, zilizotolewa mfukoni mwa mkulima na kutumwa kwetu bure.

Mwezi wa pili mvua ilitupa Jumamosi moja kavu. Tulipiga simu, tukaiweka sauti kubwa juu ya kinu, na mke wa shemeji akatuongoza hatua kwa hatua. Debe kuukuu, litobolewe matundu kwa msumari, na lisipikiwe tena chakula. Mafiga nje, mbali na nyumba, watoto wakae ndani. Simama upande upepo unakotoka. Koroga kwa mti mrefu. Maganda yakivimba na moto ukashika debe zima, usiogope, hesabu kidogo, kisha mwaga chini na ufukie kwa mchanga mkavu mpaka moto uzime na mchanga unyonye mafuta. Zikipoa, paka mikono majivu, gonga kila moja kwa kipande cha mti juu ya jiwe, kwa upole, upande wa mgongo. Toa punje nzima. Usitie kitu mdomoni mpaka umenawa.

Aliposikia neno mchanga, Mama aliinuka bila kusema, akaleta ndoo yake. Safari hii ulikuwa mkavu.

Tulipata kilo moja na kidogo, nyingi zimevunjika kwa sababu mikono yetu ilikuwa mizito. Wanawake wa kusini hubangua siku nzima, na punje hutoka nzima kama mwezi mwandamo; sasa najua wanachoshika. Mtoto alikula ya kwanza. Aliigeuzageuza ulimini muda mrefu, upande ule uliopona, akasema ni tamu kama maziwa.

Juzi karanga za Mama zilikauka, nasi tukafunga kiroba cha kurudisha shukrani Masasi. Nilikuwa nashona mdomo wake kwa uzi aliponisimamisha. Akasukuma karanga pembeni kwa kiganja, akazika katikati kifurushi cha nailoni kilichofungwa mara tatu. Nilikibonyeza. Ulikuwa mchanga wa mto Chimala, umechekechwa, umeoshwa, umeanikwa.

"Huko kwao sijui mchanga wao ukoje," alisema. "Mpigie simu, mwanangu. Nitamwelekeza mwenyewe."