Mshenga Mwenye Vikaratasi

Wahenga wetu walikuwa watu wa nyembe. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mtoto akililia wembe, mpe. Shuleni tulizikariri zote, tukaandika kwamba hii inahimiza kusaidiana na ile inahimiza tahadhari, tukapigiwa vema. Hakuna mwalimu aliyetudokeza kwamba zilikuwa pia maelekezo ya kunyoa ndevu. Ndiyo maana niliingia bafuni na mashine ya marehemu babu nikiwa na alama nzuri za Kiswahili na uso mkavu.

Mashine yenyewe ni chuma kitupu, vipande vitatu: mpini, kibao chenye meno na kifuniko kilichobinuka. Unalaza wembe katikati, unakaza mpini, wembe unajipinda kufuata kifuniko na kuchungulia kidogo pande zote mbili. Babu aliinunua enzi za ukarani wake kwenye shamba la mkonge kule Tanga, na hadi anafariki kidevu chake kilikuwa kinang'aa. Mimi nilikuwa mtu wa zile za plastiki za kutupa, zenye nyembe mbili tatu zilizopangana, na shingo yangu ilijaa vipele. Kinyozi wa mtaani ndiye aliyenifumbua macho. Ndevu zetu ni za kujikunja. Wembe wa kwanza unauvuta udevu, wa pili unaukatia chini ya ngozi, na ukianza kuota tena haujui mlango uko wapi, unachoma kutokea ndani. "Braza, hamia wembe mmoja," akasema, huku mkononi ameshika mashine ya umeme.

Wembe huu mwembamba wa makali mawili tumeletewa na Mmarekani aitwaye King Camp Gillette. King ni jina tu, hakuwa mfalme. Alikuwa akizunguka kuuza vizibo vya chupa, akapata wazo la kutengeneza kitu ambacho mtu atakitumia, akitupe, kisha arudi kununua kingine. Wataalamu walimwambia chuma chembamba kiasi hicho hakinoleki, mpaka mhandisi William Nickerson akakinoa. Mwaka 1903, walipoanza kuuza, waliuza mashine 51 tu. Mwaka uliofuata zilipita 90,000, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, serikali ya Marekani ikaagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Kinachonishangaza ni picha yake iliyochapwa kwenye karatasi za nyembe hizo: bwana ana sharubu nene kabisa! Kinyozi hajinyoi.

Basi nilichagua kujifunza asubuhi ya Jumamosi ambayo nilikuwa mshenga. Binamu yangu alikuwa anaposa Magomeni, kanzu imeshapigwa pasi, na mimi nikaona mshenga hawezi kwenda na ndevu za wiki nzima. Nikajipaka sabuni ya kuogea juu juu, nikashika mpini kwa nguvu kama mtu anayekwangua ukoko wa wali, nikaanza. Shavu la kulia likaenda vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Nilipofika kidevuni nikazidisha mkono. Zile za plastiki zina kichwa kinachocheza, ukizigandamiza zinakusamehe. Ya babu haina msamaha. Kidevu kikafunguka mahali pawili, nikashuka shingoni haraka ili nimalize kabla damu haijafika kwenye singilendi, na wembe ulipokuwa unapita kwenye kikoromeo, nikameza mate.

Mke wangu alisikia ukelele akaja mlangoni. Akatazama sinki, akanitazama mimi.

"Baba Salma, unanyoa au unachinja?"

Akaniletea jiwe la shabu alilopewa na bibi yake. Shabu inakaza ngozi na kuzuia damu, hilo ni kweli tupu. Lakini kabla haijaizuia inakutaka ulipie. Nilimwita Mungu, nikamwita mama, nikamwita Mungu tena. Palipobaki panavuja nikabandika vikaratasi vya tishu, nikavaa kanzu, nikaondoka navyo nikidhani nimevitoa vyote.

Sebuleni kwa watu tulikaribishwa vizuri, juisi ikaja, nikafungua maneno kwa ufasaha wangu wote. Wazee walikuwa wanasikiliza kwa makini, ila macho yao hayakuwa machoni pangu. Yalikuwa shingoni. Hatimaye baba mkubwa wa binti akakohoa.

"Mshenga, samahani. Mmekuja kuposa au mmekuja kushtaki?"

Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia wakaangua kicheko. Mahari ikatajwa, nikatikisa kichwa kwa heshima kuonyesha kwamba ni nzito, na huko kutikisa kukaamsha kidonda cha kidevu. Tone moja likaanguka juu ya kanzu nyeupe. Wakanong'onezana, wakapunguza. Binamu yangu mpaka leo anasema ni ufundi wangu wa maneno. Mimi nadhani waliogopa mtu asije akawafia kwenye zulia.

Aliyenifundisha ni babu mdogo, baada ya kucheka mpaka akavua miwani. Darasa lake lilikuwa fupi. Maji ya moto kwanza, na subira, kwa sababu udevu mkavu ni mgumu na ukilowa vizuri unalegea. Kumbe ile "tia maji" haikuwa fumbo. Halafu papasa kwa vidole ujue ndevu zinalala upande gani, ufuate huko huko. (Za shingoni kwangu zinaelekea sikioni, jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote bila taarifa.) Ivute ngozi kwa mkono wa pili. Ulaze wembe, nyuzi 30 hivi, wala usikandamize: chuma kina uzito wake, kiache kishuke chenyewe. Na badilisha wembe mapema. Mashabiki wa mpira wakishakufunga mara ya pili husema wembe ni ule ule. Kwenye ndevu, wembe ukiwa ule ule kwa muda mrefu, haunyoi tena, unang'oa. Kuazimana ndiyo usiseme. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tuliimbiwa habari za Ukimwi na nyembe za kuchangia mpaka tukaenda kwa kinyozi kila mtu na wembe wake mfukoni.

Zilizochakaa zinaingia kwenye kopo la maziwa nililolitoboa mfuniko, kwa amri ya mama mwenye nyumba. Wamarekani wa zamani walikuwa na tundu ndani ya kabati la bafuni; unasukuma wembe, unadondokea ndani ya ukuta, basi. Mafundi wanaobomoa nyumba hizo hukutana na lundo la nyembe zenye kutu. Nilimweleza mke wangu wazo hilo, akaniuliza kama ukuta ni wetu au wa mwenye nyumba.

Sasa nanyoa vizuri, vipele vimepungua, na mpwa wangu wa kidato cha tatu amekuja likizo na vinyweleo vitatu kidevuni. Alipoiona mashine hakulala. Mjomba naomba, mjomba nijaribu tu. Shemeji yangu, baba yake, akaniambia kwenye simu kwa sauti ya mwalimu mstaafu: akililia wembe, mpe. Nikampasha maji, nikamwonyesha mkao wa mkono, nikamkabidhi mashine imekazwa vizuri, bila wembe ndani. Alikaa bafuni karibu nusu saa. Alitoka ananukia aftashevu yangu, vinyweleo vitatu viko pale pale, akawatangazia binamu zake sebuleni kwamba amenyoa kote na hajajikata hata mahali pamoja, tofauti na mjomba.