Mkutano na Mengineyo

Mkutano wa kazi wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, huanzia mlangoni, kwa salamu. Anayefika humpa mkono kila aliyepo, hata anayesinzia, na kila mkono hudai habari za nyumbani, za watoto na za shamba la kahawa kijijini. Meneja mgeni hutazama saa yake kwa uchungu. Hajui kwamba hapo, kati ya watoto na kahawa, mhasibu amekwisha kumnong'oneza mwenzake kuwa fedha za mradi hazijafika. Ajenda itahitaji saa mbili kulifikia jambo hilo.

Saa zenyewe nazo zina vituko. Kinshasa iko nyuma ya Beni kwa saa moja. Kampala iko mbele kwa saa moja. Mfanyabiashara aliyelala mpakani Kasindi hurudi na simu iliyonasa mtandao wa Uganda na kujisogeza mbele bila kumwomba ruhusa. Hufika ukumbini peke yake, akawalaani wenzake kwa uzembe, mpaka mlinzi anapomwonea huruma. Na wakubwa wa Kinshasa wakiitisha mazungumzo ya simu siku hiyohiyo, kila mtu huonekana kamchelewesha mwenziwe.

Wanande, au Wayira, walio wengi katika miji hii, walikuwa na kyaghanda, banda la wazee lenye moto katikati, ambamo mashauri yalizungumzwa jioni huku vijana wakijifunza kwa kusikiliza. Jina limebaki katika chama cha Kyaghanda Yira. Mikutano imehamia kwenye kumbi za viti vya plastiki, ambamo msikilizaji makini kuliko wote ni fundi wa vipaza sauti. Butembo iliishi miaka mingi kwa jenereta za watu binafsi, na bado jenereta hufanya kazi ambayo hakuna mshauri aliyeiweza: ikizimika katikati ya hotuba, mkurugenzi hushuka jukwaani, watu wa viti vya nyuma humsikia kwa mara ya kwanza, nao humjibu.

Haraka ya kiongozi si kichekesho siku zote. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, misafara ya magari iliingia Beni, kisha Butembo, ikiwa na fedha, wageni na maagizo. Wakaaji wa Beni, waliokuwa wakizika watu waliouawa kwa mapanga tangu Oktoba 2014, waliuliza mbona haraka hii haikuonekana kwa mauaji hayo. Desemba 2018 Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo ya kuahirisha uchaguzi katika miji hii, na shaka ikageuka hasira. Mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Lililosaidia lilikuwa la polepole: kukaa na familia, kuwaacha washuhudie mazishi, na kumweka mgonjwa katika chumba cha plastiki angavu ili ndugu wamwone na kuongea naye. Mlipuko huo ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamekufa.

Mei 2021, chini ya hali ya dharura, jimbo hili la Kivu Kaskazini liliwekwa mikononi mwa wanajeshi, na ofisi za meya zikakabidhiwa polisi. Amri ya gwaride huisha kwa neno moja. Amri ya kuhamisha meza za nyanya inapitia kwa akina mama wa soko, na hao hawapigi saluti.

Ajenda yoyote, iwe ya meya, parokia au ushirika wa kahawa, hufungwa kwa hoja inayoitwa mengineyo. Hapo ndipo watu husema walichojia: mshahara uliochelewa, barabara iliyokatika, mkuu asiyepokea simu. Hoja hii huchukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Katibu, anayeliangalia wingu na kuihesabu nauli ya pikipiki, huandika kwenye ripoti: mengineyo, hakuna.