Saa Mbili Imechelewa

Jirani, kaa upande huu, uongee na sikio la kushoto. La kulia tangu Jumanne halina habari na mtu. Limevimba kama andazi, ngozi inababuka, likigusa mto naamka. Mama watoto kalipaka mafuta ya nazi, likang'aa, basi, ndiyo dawa yenyewe. Usiulize nani kanipiga. Sijapigwa. Limeungua. Limeungua na baridi. Najua unacheka. Na mimi ningecheka, ila nikicheka sikio linapanda juu.

Si unajua niko Minnesota, huku juu kabisa, Kanada ndiyo majirani. Mimi mtoto wa Tandale. Dar ikishuka nyuzi 19 mwezi wa saba, bibi alikuwa anatuvalisha masweta mawili na kutufukiza mwarobaini. Huku ukitoka mlangoni ukavuta pumzi, vinyweleo vya puani vinashikana. Unapiga chafya, vinaachiana, unavuta tena, vinashikana tena. Na hapo mzee jirani yangu, ambaye babu zake walitoka Norwei, anazoa theluji kwa sepetu huku kifua wazi, nikimuuliza hali anajibu, "Si mbaya sana." Sijawahi kumsikia akisema mbaya.

Tatizo langu sio baridi. Baridi nimeizoea kwa kulalamika. Tatizo langu ni shule. Mimi nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Natoka saa moja asubuhi, nafika nyumbani saa moja na nusu. Mama watoto keshaondoka kazini kwake, watoto wako wawili, wa darasa la sita na wa darasa la pili. Nawapeleka kituoni, basi la njano linawachukua, nalala. Nalala mpaka saa nane mchana. Huo ndio usingizi wangu pekee duniani. Shule ikifungwa, jirani, nani analala? Yule wa darasa la pili anakuja kila dakika tano kuniuliza kama nimelala.

Sasa shule za huku ziko chini ya wilaya. Niliposikia wilaya, nikafurahi. Wilaya naijua. Nikajua kuna DC, kateuliwa na Rais, ana gari lenye bendera, mtu unaweza kumpelekea kero. Kumbe wapi. Ni wilaya ya shule tu, haina uhusiano na DC yeyote. Ina bodi yake, watu wa mtaani wanaipigia kura, bodi inaajiri bosi mmoja wa shule zote, na huyo bosi ndiye anayesema leo fungua, leo funga. Minnesota peke yake ina wilaya za namna hiyo zaidi ya 300, kila moja na bosi wake na akili yake. Mpaka wa yetu unapita katikati ya barabara. Mwaka jana watoto wa ng'ambo, hatua thelathini kutoka dirishani kwangu, walikuwa wanateleza na beseni kwenye theluji, shule yao imefungwa. Wa kwangu wako kituoni na mabegi. Theluji ni ile ile, jirani. Imedondoka kutoka wingu lile lile.

Mara ya kwanza nilijiongeza. Niliona theluji imefika magotini, nikasema hapa hata kichaa hafungui shule. Nikazima simu, tukalala wote watatu. Kumbe huku magreda yanaamka usiku wa manane, saa kumi na mbili barabara nyeusi kama juzi. Shule ilikuwa wazi, imejaa, watoto wote wamefika isipokuwa wangu. Niliamka nikakuta mashine imenipigia mara nne kunijulisha kwamba mwanangu hayupo shuleni. Najua hayupo. Alikuwa amelala kwenye mguu wangu.

Baada ya hapo nikaambiwa jiandikishe upate mesiji. Unachagua lugha. Nikatazama orodha, nikaona Kiswahili. Jirani, nilisisimka mwili. Nikawaambia kila mtu kazini, lugha yetu imefika. Mbona nilipata nilichokitafuta.

Jumanne saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, simu ikalia. Mesiji ya Kiswahili. Inasema, naikariri mpaka leo: "Shule zote zitachelewa saa mbili."

Wewe ungeelewaje? Mimi nilielewa kama mtu aliyenyonya Kiswahili. Zitachelewa, zitafungua saa mbili. Nikapata mashaka kidogo, maana siku zote kengele inagonga saa mbili na robo. Nikajiuliza, kuchelewa gani huku kwa kuwahi dakika kumi na tano? Lakini nani anabishana na wenye shule? Nikatoka kazini mbio. Nikawaburuza watoto kitandani. Yule mkubwa akaanza, "Baba, nadhani maana yake ni..." Nikamwambia nyamaza, mesiji imekuja kwa lugha ya nani hapa?

Kituoni hakuna basi. Hakuna mtoto. Nikawahurumia wazazi wa wenzao, hawajui Kiswahili, watachelewa. Nikawapakia kwenye gari, saa mbili kasoro dakika tatu niko mlango wa shule. Paking tupu. Nikawaacha garini na hita, nikashuka kwenda kugonga. Kofia niliiacha kwenye kiti. Nani anavaa kofia kwenda kugonga mlango?

Ndani kuna mwanga, na mlinzi wa jengo mwenye funguo kiunoni anapiga deki. Nikagonga. Akaja kwenye kioo, akanitazama, akanionyesha vidole viwili. Nikafurahi, nikatikisa kichwa: ndiyo, saa mbili! Nikamwonyesha saa yangu. Akaitazama, akanionyesha tena vidole viwili, safari hii polepole, kama unavyomwonyesha mtoto. Na mimi nikamwonyesha viwili vyangu. Tukasimama pale, watu wazima wawili, kioo katikati, tunaonyeshana vidole viwili kama tunapigwa picha ya harusi. Upepo unapuliza kutoka kulia. Nikageuka kuangalia gari, watoto wangu wamejikunja kwa kicheko mpaka vioo vimeingia ukungu.

Kumbe maana yake ni masaa mawili mbele. Badala ya saa mbili na robo, saa nne na robo. Kuna watu wanachelewesha shule makusudi, jua lipande kidogo na magreda yamalize kazi. Yule mkubwa alinieleza tukiwa njiani kurudi. Akanieleza pia kwamba wanachopima sio baridi peke yake, ni baridi ukichanganya na upepo, na mchanganyiko huo ukifika nyuzi 35 chini ya sifuri, kwa Farenhaiti, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika kumi. Nikamuuliza nimesimama pale dakika ngapi. Alikuwa amehesabu. Kumi na moja.

Nikapiga simu wilayani. Nikasema naomba kuongea na DC. Wakanihamisha mara tatu, nikaishia ofisi ya mabasi, kwa mama mmoja mpole mwenye sauti ya mtu anayeshona fulana. Nikamwaga kero. Akasikiliza yote, halafu akanieleza kazi yao, na hapo nikakosa hata hasira ya kuendelea nayo. Saa kumi alfajiri wako barabarani. Wanaendesha njia za mabasi gizani waone zinapitika au la. Mafundi wanajaribu injini, maana dizeli ya kawaida kwenye baridi kali inaganda kama mafuta ya ng'ombe, basi halivuti, na basi likifia njiani lina watoto hamsini ndani. Wanasikiliza idara ya hali ya hewa. Wanapigiana simu na wilaya jirani, wewe unafungaje, mimi sijui, wewe je? Yote hayo yaishe kabla ya saa kumi na moja na nusu, maana madereva wa kwanza wanawasha. Na wakifunga, akasema, wanajua kuna mtoto ambaye chai na chakula chake cha mchana ni cha shuleni. Hapo nilimwelewa bila tafsiri. Minnesota tangu 2023 chakula cha shule ni bure kwa kila mtoto, na wangu wawili wanakula huko kama wamekodishwa. Siku wakibaki nyumbani, sufuria la wali la siku mbili linaisha saa tano asubuhi.

Nikamuuliza, sasa mnafunga ikifika ngapi? Akasema kwao ikinukia 40 chini ya sifuri, wanafunga. Nikamwomba anigeuzie kwa Selsiasi, mimi za Farenhaiti sizijui. Akasema ni 40. Nikasema hapana, hizo ni zako, nataka zangu. Akasema ni 40. Nikakata simu, nikajua ananidharau. Nikamlalamikia yule mkubwa, akachukua penseli, akanionyesha: vipimo vyote viwili vinakutana hapo hapo, 40 chini ya sifuri, popote pengine havipatani. Kwa hiyo nimemkatia simu mama wa watu kwa kusema kweli. Mzee jirani aliposikia akasema ya 2019 ilikuwa zaidi, mwisho wa Januari, hata posta ilisitisha barua. Na 2014 gavana mwenyewe, Mark Dayton, alifunga shule za jimbo zima kwa siku moja. Nikamuuliza hali ilikuwaje. Akafikiri. "Si mbaya sana."

Basi Jumatano wakatangaza baridi ya 40 inakuja usiku. Nikawa roho juu, nawaza usingizi wangu. Jioni nasikia choo kinavutwa, kinavutwa tena. Naingia, yule wa darasa la pili kasimama na trei la barafu kutoka kwenye friji, anadondosha vipande chooni kimoja kimoja, midomo inacheza. Namtazama, kavaa pajama nje ndani. Naenda kumtandikia kitanda, chini ya mto kuna kijiko. Kwa kaka yake, kijiko. Jirani, nililia moyoni. Nimekimbia mambo haya kilomita elfu kumi na kitu, yamenifuata na viza? Nikampigia shangazi Muheza. Nikamweleza: barafu chooni, nguo kinyumenyume, chuma chini ya mto. Kimya. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, huko umemdhulumu nani?"

Nusu saa nzima nilikuwa nimekaa na Yasini. Mpaka mama watoto alipotoka bafuni, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe watoto wa huku wote wanafanya, tena wanafundishana darasani. Ni dua yao ya kuomba shule ifungwe. Kijiko, pajama, barafu. Shangazi nimempigia tena kumweleza, hajaamini, kasema ndivyo wanavyosemaga.

Sasa mimi mzee mzima siwezi kupambana na hali ya hewa, lakini kijiko nakiweza. Nikasema kama wao wanaivuta, mimi nairudisha. Pajama nikazigeuza wenyewe wakiwa ndani yake, wanapiga kelele. Barafu nikaimwaga kwenye sinki. Vijiko nikavikusanya vyote, vya chini ya mito na vya jikoni, mpaka vile vya chai na kile cha plastiki cha dawa ya kikohozi. Nikavifunga kwenye taulo, nikavitia kwenye begi langu la kazini, nikaondoka navyo. Mama watoto akauliza watakula na nini asubuhi. Nikamwambia watakula shuleni.

Usiku ulikuwa mtulivu, wazee wamelala. Saa tisa nikapata mapumziko yangu, nikaenda chumba cha wafanyakazi, kuna kochi. Nikajinyoosha, kichwa kwenye begi, upande wa kushoto kwa sababu ya hili sikio. Begi gumu, linanichoma shavu, lakini nilikuwa nimechoka.

Saa kumi na moja na dakika ishirini simu ikalia. Kiswahili. "Shule zimefungwa Alhamisi na Ijumaa. Mafunzo kwa kompyuta." Safari hii hata kosa la kujifariji hakuna. Sheria inawaruhusu mpaka siku tano kwa mwaka za kufundisha kwa kompyuta, na mbili wamezitoa kwangu.

Nafika nyumbani, gari linalia kama mbuzi. Watoto mezani, pajama nje ndani, wanakunywa maziwa na nafaka moja kwa moja kutoka kwenye bakuli, ndevu nyeupe mpaka kidevuni. Nikafungua begi, nikamwaga vijiko mezani. Vikapiga kelele. Wakaacha kunywa.

"Baba, vilikuwa wapi?" mkubwa akauliza.

"Kwenye begi."

"Na begi ulikuwa umeliweka wapi?"

Mdogo alikuwa keshaanza kuvihesabu kwa kidole. Vilikuwa kumi na tatu. Wote wawili wakaniangalia shavuni, upande wa kushoto, ambako naambiwa alama ilikuwa bado haijatoka. Mdogo akaja akanikumbatia mguu, akasema asante, Baba.

"Dakika ishirini tu," nikasema. "Nilililalia dakika ishirini tu."