Fungate kwa Treni: Mwongozo wa Bwana Harusi Mwenye Akili Nyingi

Zanzibar kila mtu ameshakwenda. Picha tumeziona: bembea ileile ndani ya maji, nazi ileile yenye mirija miwili, machweo yaleyale. Treni ya SGR nayo usiifikirie. Inafika Dodoma kwa saa chache, kabla hamjamaliza kufungua bahasha za harusi, na mkishuka mnapokewa na wabunge. Fungate inataka chombo chenye subira, na chombo hicho kipo: TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, siku mbili hivi kwa mujibu wa karatasi. Fuata hatua zifuatazo bila kuruka hata moja, na utakuwa na la kusimulia mpaka kwa wajukuu.

Hatua ya kwanza: Usiulize ratiba

Treni za abiria za njia hii zina majina, Mukuba ile ya haraka na Kilimanjaro ile ya kawaida. Siku zake za kuondoka hubadilika, na yapo majira ambayo treni ya abiria haitembei kabisa. Watu waoga hufunga safari mpaka stesheni mwezi mzima kabla, wakauliza dirishani, wakauliza tena wiki ya mwisho. Wewe una binamu aliyewahi kuipanda alipokuwa anasoma Mbeya. Muulize huyo.

Kuhusu kuchelewa, usisikilize maneno ya watu. Reli hii ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia Rhodesia ya Ian Smith wala Afrika Kusini ya makaburu. Nyerere na Kaunda waliitaka, China ya Mao ikakubali, na kazi ikamalizika kabla ya muda uliopangwa. Mwaka 1976 reli ikakabidhiwa rasmi, na tangu hapo inaurudisha ule muda kidogo kidogo. Kwa hiyo hoteli ya huko mwendako ilipie kabisa, ianze usiku uleule ambao ratiba inasema mtafika, na uchague ile isiyorudisha fedha.

Hatua ya pili: Bana matumizi kwenye tiketi

Hapa ndipo mwanaume anapojulikana. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, daraja la pili kina sita, daraja la tatu ni viti. Na utaratibu wa vyumba vya kulala ni huu: wanaume na wanaume wenzao, wanawake na wanawake wenzao, isipokuwa wale walionunua chumba kizima. Isome tena sentensi hiyo, kisha uisahau.

Kwenye harusi ulizoea kadi ya dabo: mtu analipa, anaingia na mwenzake. Treni haina dabo. Maharusi wanaotaka kulala chumba kimoja daraja la kwanza hununua tiketi nne kwa miili miwili. Kwa mtu makini kama wewe huo ni ufujaji. Ni kweli, ulilipia keki ya ghorofa tano ambayo ghorofa tatu zilikuwa boksi limepakwa sukari. Ulilipia matarumbeta yawapigie watu waliokuwa kwenye foleni Ubungo. Ulimlipa MC aseme utani uleule aliousema harusi ya dada yako. Lakini hayo yalikuwa ya watu, na ya watu hayabanwi. Hivi vitanda viwili ni vyenu wenyewe, basi hapo ndipo pa kubania.

Nunua tiketi mbili. Utalala na wafanyabiashara watatu wa Tunduma, na mmoja wao atakoroma kwa zamu na kichwa cha treni. Mkeo atalala chumba cha pili na mama mmoja anayerudi Mpika na mabinti zake wawili. Treni haijamaliza kutoka jijini, mama huyo atakuwa anajua kazi yako, mshahara wako, mahari uliyotoa na ile uliyobakiza. Asubuhi utamsalimia, "Shikamoo mama," naye ataitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma.

Usisumbuke kumwonyesha mhudumu wa behewa cheti cha ndoa. Hana shaka kwamba mmeoana. Anachokiona yeye ni kwamba mmelipia vitanda viwili.

Hatua ya tatu: Tangaza nafasi zilizo wazi

Ikitokea umekaidi ushauri wangu ukanunua tiketi zote nne, bado hujaharibikiwa. Waambie ndugu. Waandikie kwenye lile kundi la simu la kamati ya harusi, ambalo bado lina watu mia mbili na hakuna anayejua namna ya kulifunga.

Shangazi atapiga simu usiku huohuo.

"Baba, nasikia mna vitanda vinakwenda bure."

"Si bure shangazi, tumelipia ili…"

"Ndiyo hivyo, mmeshalipia. Mimi nashukia Mbeya tu. Nyie endeleeni na mazungumzo yenu, mimi nikipanda gari lolote nalala."

Kutoka Dar hadi Mbeya ni alasiri, usiku mzima na asubuhi yote ya siku ya pili, na shangazi halali. Kitanda cha nne atakileta mwenyewe mtu wa kukilalia: mtoto wa jirani anayekwenda kuanza shule Makambako.

Wazee wa pwani walikuwa na mpango wao. Maharusi walikaa ndani siku saba, chakula kikiletwa, na asiyehusika hakuvuka kizingiti. Chumba cha treni kilicholipiwa chote ni ndani hiyohiyo iliyotiwa magurudumu: mlango una komeo, wali kuku unatoka behewa la chakula, mhudumu anabisha hodi, anapokea fedha, anaondoka. Ila wazee hao hawakuwa na kundi la simu.

Hatua ya nne: Ondoka na shela

Panga sherehe iishe saa mbili kabla ya treni, na mtoke ukumbini moja kwa moja kwenda stesheni. Msafara upite juu ya daraja la Mfugale ukipiga honi, matarumbeta yakiwa kwenye pikapu mbele. Kwenye ushoroba wa behewa, ambamo watu wawili hupishana kwa kubanana ukutani, shela yenye mkia wa mita tatu itawasaidia abiria wote kuwafahamu mapema.

Nyaraka zisikupe presha. Mtanzania haombi viza kwenda Zambia, kwa hiyo usibebe chochote. Pasipoti na kadi ya njano ya chanjo ziache kwenye begi la mpambe, ambaye muda huo yuko ukumbini anasimamia masufuria. Tiketi ya bi harusi iandikishe kwa jina lake jipya la heshima, ilhali pasipoti yake inasoma jina la baba yake. Maofisa uhamiaji wa mpakani hupenda hadithi za mapenzi, hasa zikihadithiwa na mtu anayetafuta cheti cha ndoa kwenye simu isiyo na chaji.

Maji ya kunywa usibebe, ya bombani yasipoisha yatakuwepo. Sweta pia usibebe, wewe ni mwanaume.

Hatua ya tano: Tumia dirisha vizuri

Ikiwa treni imetoka Dar alasiri, jioni hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Wageni hulipa dola kuingia humo. Abiria wa treni huwaona twiga, pundamilia na pengine tembo kwa nauli ileile aliyokwisha kulipa. Huo ndio muda mwafaka wa kuhesabu bahasha.

"Mume wangu, tembo. Wawili, na mtoto."

"Hebu subiri. Hii ya mjomba ni elfu kumi tu?"

"Wanavuka."

"Mtu ana malori matatu, elfu kumi!"

Usiku mtapita bonde la Kilombero, na baada ya Mlimba reli inaanza kuupanda ukuta wa nyanda za juu kuelekea Makambako. Hapa ndipo waliojenga walipotokwa jasho. Njia nzima ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20, na mengi ya mahandaki hayo yamerundikana kwenye kipande hiki. Treni inaingia gizani, inatoka darajani juu ya korongo lenye ukungu, inaingia tena gizani. Mtu mwingine angemshika mkewe mkono. Wewe tafuta mtandao, urushe picha ya viatu vyako.

Karibu na Uyole reli hufika kimo cha karibu mita 1,800. Mwezi Juni au Julai utalikumbuka lile sweta, na mkeo atakuwa na kanga mbili ambazo moja ni yako iwapo ulizungumza vizuri kuhusu tembo.

Hatua ya sita: Changanya fungate na biashara

Mtanzania hapiti Ifakara bila mchele. Treni inasimama usiku, wauzaji wako chini na tochi, bei iko chini ya ile ya Dar. Nunua gunia. Swali la kwamba unakwenda Zambia, si Dar, ni la watu wasio na maono. Litazunguka nawe nchi mbili, ofisa wa forodha atalichoma kwa bambo aone kama kweli ni mchele, na litarudi nyumbani likiwa limetembea kuliko mama yako mzazi.

Tunduma wabadilisha fedha watapanda behewani wenyewe. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha yake mwaka 2013, hivyo ukikabidhiwa noti iliyoandikwa 50,000 shukuru, umepata kumbukumbu ya kale. Halafu mkishaingia Nakonde, rudisha saa nyuma kwa saa moja, maana Zambia iko nyuma yetu kwa kiasi hicho. Mmezawadiwa saa nzima ya fungate ambayo haikuwa kwenye bajeti. Itumie kumtafuta yule mbadilisha fedha.

Hatua ya saba: Mwahidi Victoria Falls

Bi harusi ameshawaambia rafiki zake kwamba anakwenda kwenye maporomoko. Usimkatize. Mkishuka Kapiri Mposhi ndipo umweleze kwamba Livingstone iko mbele zaidi ya kilomita 600, kwa basi, kupitia Lusaka.

Tarehe nayo ina siri yake. Zambezi hujaa baada ya mvua, ikafikia kilele mwezi Aprili hivi, na maporomoko yakaloanisha watu walio mbali. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki mwamba mkavu kwa sehemu kubwa, na Desemba maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Kamati yako ilichagua Desemba kwa sababu ndipo wachangiaji wanapopata bonasi. Mtapiga picha mbele ya jiwe, jiwe zuri.

Hatua ya mwisho: Hudhuria kuvunja kamati

Mkirudi mtakuta kikao cha kuvunja kamati kinawasubiri. Mwenyekiti atawashukuru wajumbe kwa kujitoa. Shangazi atasema treni ni nzuri, ila maharusi hawakuwa wachangamfu. Kisha mweka hazina atasoma hesabu: makusanyo, matumizi, na salio, ambalo kwa hesabu ya harakaharaka lingetosha tiketi mbili za daraja la kwanza, Dar hadi Kapiri Mposhi, na chenji ya wali kuku.

Mjumbe mmoja atanyoosha mkono na kupendekeza mbuzi. Hoja itaungwa mkono kwa kauli moja, na wewe utatumwa kununua mkaa.