Uainishaji wa Wataalamu wa Kliniki ya Uzazi kwa Kigezo cha Milango

Usuli wa tatizo

Wanazuoni wetu wameainisha nomino kwa ngeli, mashairi kwa bahari na samaki kwa magamba. Hadi sasa hakuna aliyejitwika kazi ya kuwaainisha wataalamu wa kliniki ya kutibu ugumba, ingawa ni kundi lenye spishi nyingi, na ingawa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo hilo wakati fulani maishani. Kwa hesabu hiyo, kila daladala iliyojaa ina abiria kadhaa wenye haja ya kuusoma utafiti huu, na hakuna hata mmoja atakayekubali kuonekana anausoma.

Athari za pengo hili la maarifa ni kubwa. Mgonjwa wa kawaida, awe Nairobi au Dar es Salaam, anaamini kwamba kliniki ya uzazi ina mtu mmoja, yaani daktari, na kwamba wengine wote wapo kumshikia faili. Makala haya yanakusudia kuisahihisha imani hiyo, au angalau kueleza imetoka wapi.

Kigezo cha uainishaji

Mtafiti alianza na kigezo cha shahada, akakitupa, kwa sababu ndani ya kliniki wote huvaa kofia ileile ya karatasi na kandambili zilezile za plastiki. Akajaribu kigezo cha mshahara, akajibiwa kwamba hilo si swali la kumuuliza mtu mzima. Mwishowe aliamua kutumia milango: kila mtaalamu anapangwa kwa idadi ya milango iliyopo kati yake na benchi la wagonjwa. Milango huhesabika bila kumuudhi mtu, na benchi halihami.

Nadharia tete iliyouongoza utafiti ni hii: shukrani za mgonjwa hupungua kadiri milango inavyoongezeka.

Familia ya kwanza: Wa mlango mmoja

Hawa ni madaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake waliobobea katika uzazi. Makazi yao hutambulika kwa sanamu ya plastiki ya mji wa mimba juu ya meza na picha za watoto wachanga ukutani. Mlio wao ni “tutaona”.

Kazi yao ya kila siku ni kusoma ultrasaundi na kupima vifuko vya mayai. Vinapokaribia milimita 18, daktari huandika sindano ya kuyakomaza mayai, na hapo saa hutawala kila kitu, kwa kuwa mayai huvunwa takriban saa 36 baada ya sindano hiyo. Sindano ya saa tatu usiku Jumatatu ni miadi ya saa tatu asubuhi Jumatano. Ukichelewa sana kwenye foleni ya Mombasa Road, mayai hayatakusubiri. Yatatoka yenyewe, na mzunguko mzima wa matibabu utakuwa umepotea.

Ndani ya familia hii mna spishi moja adimu: daktari wa wanaume. Ujuzi wake ni mkubwa, maana anaweza kuitafuta mbegu hadi ndani ya korodani kwa sindano, pale ambapo kwenye manii haikuonekana hata moja. Uadimu wake hautokani na uhaba wa wagonjwa. Sababu za upande wa mume, zikiwa peke yake au pamoja na za mke, huhusika katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto. Uadimu huo unatokana na ukweli kwamba mgonjwa wake yuko safarini. Mtafiti alikaa benchini akasikia wake wakieleza waume walipo: mmoja Mwanza, mwingine kwenye semina, wa tatu “anaegesha gari” tangu saa mbili asubuhi.

Familia ya pili: Wa mlango mmoja na nusu

Nusu hiyo ni kwa sababu muuguzi wa kliniki hii hakai ndani wala nje; husimama mlangoni. Ndiye anayemfundisha mke kujidunga sindano tumboni, pembeni mwa kitovu, na kumkumbusha dawa ikae ndani ya friji, si kwenye friza. Ndiye anayepigiwa simu usiku na mtu anayenong’ona kutoka bafuni kwa sababu kuna wageni sebuleni.

Dawa anazozigawa zina nasaba ambayo mwanauainishaji hawezi kuipita. Homoni za kuamsha mayai hupatikana kwa wingi kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, na watengenezaji wa Italia katika miaka ya 1950 na 1960 walihitaji mkojo huo kwa maelfu ya lita. Waliupata kwenye nyumba za watawa. Masista wazee, walioweka nadhiri ya kutozaa, wakawasaidia kuzaa wanawake ambao hawatawajua kamwe. Kwa kuwa milango iliyopo kati yao na benchi la Nairobi haihesabiki, nadharia yetu inatabiri kwamba hawatashukuriwa na mtu yeyote. Mtafiti anathibitisha kuwa utabiri huo ni sahihi.

Familia ya tatu: Wa milango miwili na kidirisha

Huyu ni mtaalamu wa maabara ya mbegu. Hukutana na mgonjwa wake kwa njia ya kikopo chenye kifuniko, kinachowekwa kidirishani na mwanamume anayetazama pembeni. Hapo hapana maongezi, wala shikamoo.

Akishafunga kidirisha, kazi inaanza. Kikopo huachwa kwa muda hadi manii yayeyuke, kisha tone moja huwekwa chini ya hadubini: ngapi zipo, ngapi zinaogelea, ngapi zina umbo linaloeleweka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Kwa upande wa umbo, mpaka ni asilimia 4. Maana yake, mwanamume ambaye mbegu zake 96 katika kila 100 zina vichwa viwili, mikia iliyojikunja au shingo zilizovunjika bado hajatoka nje ya mipaka. Hakuna baraza la mitihani Afrika Mashariki linalompitisha mtahiniwa kwa alama hizo, na bado wapo wanaume wanaotoka hapo wakitembea kama waliofaulu kwa daraja la kwanza.

Familia ya nne: Wa milango minne

Ndani kabisa, nyuma ya mlango ambako hata viatu hubadilishwa, anaishi mtaalamu wa viinitete. Hapaki manukato, kwa kuwa mvuke wake unaweza kudhuru viinitete. Hewa yake huchujwa. Taa zake ni hafifu. Na kabati lake la joto, inkubeta, hukaa kwenye nyuzi 37 usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Anafanya kazi na kitu chenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita.

Siku ya kuvuna mayai ndiyo siku bora ya kumchunguza akiwa mazingirani mwake. Chumba cha upasuaji kimepakana na maabara, na ukutani pana kidirisha. Mke amelazwa, daktari wa usingizi, spishi inayoshukuriwa na watu wasiomkumbuka, amekwisha kumlaza. Daktari bingwa anafuata picha ya ultrasaundi, anakitoboa kifuko, anavuta maji. Maji hayo yanaingia kwenye kichupa chenye joto la mwili na kupitishwa kidirishani. Upande wa pili yanamiminwa sahanini na kukaguliwa. Kisha chumba kizima kinakaa kimya, akiwemo bingwa mwenye picha ukutani, kwa sababu kutoka pale aliposimama yai halionekani. Alichovuta yeye ni maji tu, mpaka sauti iseme kidirishani: “Moja.” Au iseme: “Hamna. Suuza tena.”

Yanayofuata hufanyika pasipo shahidi kutoka benchini. Kama mbegu ni dhaifu, mtaalamu huchagua moja, huikandamiza mkia isiende popote, huinyonya kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele na kuiingiza ndani ya yai. Mbinu hiyo ilitangazwa Brussels mwaka 1992. Saa 16 hadi 18 baadaye hutafuta viini viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Siku ya tatu hutarajia seli nane hivi. Siku ya tano hutoa alama kwa tarakimu na herufi, na kiinitete kinaweza kupata 4AA kabla hata ya kupata mji wa mimba. Kinachobaki hugandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika kila hatua ya kuhamisha kitu, mtu wa pili husimama kando na kusoma jina kwa sauti, maana hili ndilo kosa ambalo haliwezi kufutwa.

Kielelezo halisi cha familia hii ni Jean Purdy, muuguzi wa Uingereza aliyejiunga na mwanafiziolojia Robert Edwards huko Cambridge mwaka 1968. Wakishirikiana na daktari wa upasuaji Patrick Steptoe, walifanya kazi Oldham, na tarehe 25 Julai 1978 akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili. Macho ya kwanza kuuona mgawanyiko wa kiinitete kile yalikuwa ya Purdy. Kibao cha kumbukumbu kilipowekwa, hakikuwa na jina lake, ingawa Edwards aliwaandikia wahusika akitaka litajwe. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39, Steptoe mwaka 1988, na Nobeli ya mwaka 2010 ikaenda kwa Edwards peke yake, kwa kuwa tuzo hiyo haipewi marehemu. Kibao chenye majina yote matatu kilingoja hadi 2015. Milango minne, miaka 37.

Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2006. Ukiuliza daktari alikuwa nani, utatajiwa jina. Ukiuliza nani alikuwa kwenye hadubini, utaambiwa, “Watu wa maabara.”

Spishi zinazoikera nadharia

Kila nadharia njema ina mkorofi wake. Wetu ni mhasibu. Yeye hana mlango hata mmoja. Dirisha lake linatazamana na benchi. Kwa mujibu wa nadharia, angestahili kupelekewa keki. Ila ndiye anayetamka kiasi, nacho hufika mamia ya maelfu ya shilingi za Kenya kwa mzunguko mmoja. Mtafiti anapendekeza sheria ndogo: penye risiti, milango haihesabiki.

Mkorofi wa pili ni mnasihi, aliye mlango wa karibu kabisa, na bado watu humpita wakidai kwamba wao hawana shida, wanataka mtoto tu.

Mkorofi wa tatu anaishi nje ya jengo kabisa, na hata hivyo ndiye mwenye mamlaka kuliko wote: mama mkwe. Huyu hahitaji ultrasaundi. Hutambua ugonjwa kwa kutazama tumbo la mke kwenye harusi za watu, na uchunguzi wake daima hutoa jibu moja.

“Mwanangu, mmefikia wapi?”

“Tunaendelea, mama.”

“Huyo mwenzio anakula vizuri kweli?”

Mwanamume aliyeulizwa hivyo ana karatasi ya maabara mfukoni. Hajaitoa.

Matokeo na mjadala

Nadharia tete imethibitika kwa upande wa shukrani: picha ya mtoto huletwa na kubandikwa mlango wa kwanza, na haivuki hapo. Ila data zilionyesha jambo ambalo mtafiti hakulitafuta. Mizunguko mingi ya upandikizaji wa mimba haileti mtoto, hata penye mikono hodari. Huo ni ukweli unaojulikana na kila familia iliyotajwa hapa. Mzunguko ukishindwa, lazima pawepo lawama, na mtafiti aliifuata lawama hiyo kama alivyoifuata shukrani.

Haikufika kwa mtaalamu wa viinitete, aliyekitazama kiinitete kikisimama kukua siku ya nne. Haikufika kwa daktari, aliyesema “tutajaribu tena” na kwa kweli alimaanisha. Haikugusa kidirisha cha mbegu. Lawama haikupita mlango wowote. Ilibaki palepale benchini, kwa yule aliyedungwa sindano zote, ikamfuata nyumbani, ikamkuta jikoni. Kwa hiyo sheria kamili inasomeka hivi: shukrani huishia mlango wa kwanza, lawama haiondoki benchini.

Mapendekezo

Kwanza, mtaalamu wa viinitete atoke angalau mara moja, ataje jina lake na kuwaambia mke na mume alichokiona. Ziko kliniki ambako hufanya hivyo kabla ya kiinitete kurudishwa, na hakuna aliyedhurika. Pili, mwanamume anayeegesha gari apate mahali pa kuegesha, aje akae. Tatu, utafiti wa baadaye uchunguze kama mama mkwe, akisomewa majibu ya mbegu za mwanawe mwenyewe kwa lugha nyepesi na kwa heshima zote, atayakubali. Kazi hiyo ya nyanjani ni ya lazima na isicheleweshwe. Kwa ajili ya usalama, ifanywe na mtafiti mwingine, asiye na mama mkwe.