Kibanda cha Mlimani: Maelezo ya Ujenzi wa Bei Nafuu Uliogharimu Sana

Katika Kiswahili cha Tanzania hakuna jina moja lililokubalika la jengo dogo la mapumziko linalosimamishwa mlimani, mbali na makazi ya kudumu ya mwenyewe, na upungufu huu wa istilahi ndio chanzo cha tatizo la kwanza la ujenzi wake, kabla hata jembe halijagusa ardhi. Neno kibanda ni la kweli, lakini humfanya msikilizaji afikirie kuku au chipsi. Neno kijumba husikika kama dharau. Na jina lililo karibu zaidi na maana inayokusudiwa, yaani nyumba ndogo, halifai kabisa, kwa kuwa katika matumizi ya mitaani humaanisha mwanamke wa pembeni anayetunzwa kwa siri na mume wa mtu. Mume anayetangaza mezani, mbele ya mke na shemeji, kwamba ameanza kuweka akiba kwa ajili ya nyumba ndogo Lushoto, na kwamba anakusudia kuihudumia kwa mikono yake mwenyewe, atatumia sehemu iliyobaki ya jioni hiyo katika ufafanuzi wa kiisimu ambao hautaaminiwa. Kwa sababu hiyo insha hii inatumia neno kibanda, kwa maana ya jengo la chumba kimoja lisilozidi mita 4 kwa 3, lenye kuta za mbao na paa la bati, linalojengwa na mwenyewe kwa fedha zinazobaki baada ya ada za shule kulipwa, yaani kwa fedha ambazo, kwa hesabu ya kawaida, hazipo.

Mahali panapohusika ni milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, ambayo ni sehemu ya safu za Tao la Mashariki. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake uliwavutia Wajerumani wa enzi ya ukoloni kiasi kwamba waliupa jina la mfalme wao, wakauita Wilhelmstal, na kuufanya kimbilio la kukwepa joto la pwani. Jambo ambalo watu wanaopenda kuiga mfano huo hulisahau ni kwamba wakoloni hao hawakubeba tofali hata moja wao wenyewe. Na hata reli waliyoijenga kutoka Tanga ilifika Mombo, chini kabisa ya mlima, ikatazama juu, kisha ikaamua kuambaa bondeni kuelekea Same na Moshi. Chombo cha chuma kinachoendeshwa kwa moto kilipouona mteremko ule kiliukwepa. Mtumishi wa ofisini mwenye umri wa miaka 46 na maumivu ya kiuno hakuukwepa.

Mjenzi anayezungumziwa hapa, ambaye mwandishi anamfahamu kwa ukaribu wa kiasi cha kuvaa naye viatu vilevile, alianza kwa kununua daftari. Katika daftari hilo aliorodhesha mbao, mabati, misumari, saruji, mchanga, kokoto na maji, akajumlisha, akapata shilingi milioni tatu na nusu, kisha akaongeza asilimia kumi kwa ajili ya dharura, akihisi kwamba kwa kufanya hivyo ametimiza wajibu wote wa busara. Daftari halikuwa na safu ya mteremko. Hili si kosa dogo la kihasibu, kwa maana katika ujenzi wa mlimani mteremko si mandhari tu. Ni mbia anayelipwa kabla ya wengine wote, na hatoi risiti.

Malipo yake ya kwanza yalidaiwa wakati wa kuchagua kiwanja. Sehemu iliyopendeza ilikuwa chini, kando ya kijito, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alikuwa shahidi wa mauziano, aliieleza sheria hiyo kwa upole huku akinyoosha kidole juu. Hivyo kibanda kikapanda mlima, maji yakabaki bondeni, na kila ndoo ya kuchanganyia zege ikawa na safari yake. Zege, kwa asiyelifahamu, ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, na kati ya viungo hivyo vinne ni maji pekee ambayo mjenzi alikuwa ameyaandika kwenye daftari kwa bei ya sifuri.

Kutoka Mombo hadi Lushoto barabara ya lami hupanda kwa kona zisizo na idadi ya kufurahisha, ikipita Soni, na lori la aina ya Fuso huimudu bila malalamiko makubwa. Tatizo lilianza pale lami ilipoisha, na likakomaa pale ambapo hata njia ya vumbi iliisha, kwani kutoka hapo hadi kwenye kiwanja palikuwa na njia ya miguu iliyopita katikati ya matuta ya kabichi, yenye upana wa mtu mmoja asiye na hasira. Mfuko wa kawaida wa saruji nchini una uzito wa kilo 50, lakini mwenye kuubeba kwenye njia hiyo hugundua kwamba kilo hamsini za Dar es Salaam na kilo hamsini za Usambara hazijapata kukutana. Vijana wa kijiji walijadiliana kwa muda mfupi kwa Kisambaa, wakacheka mara moja, kisha wakataja bei ya kubeba iliyokaribia nusu ya bei ya mfuko wenyewe. Mjenzi, akiongozwa na ile nadharia ya kujifanyia mwenyewe ambayo ndiyo msingi wa mradi mzima, aliikataa bei hiyo, akajitwisha mfuko wa kwanza, akafika nao tuta la tatu, akauweka chini ili atazame mandhari, na akaendelea kuyatazama mandhari hadi vijana walipokuja kumsaidia kwa bei mpya, ambayo ilikuwa ya juu kuliko ya mwanzo kwa kuwa mfuko sasa ulikuwa umepasuka pembeni.

Kuhusu msingi, maelezo marefu kidogo yanahitajika, kwa sababu ndipo ilipo fedheha kuu. Anayejenga kwenye mteremko hulazimika kwanza kutengeneza sehemu tambarare, na njia iliyozoeleka ni kuchimba upande wa juu na kumwaga udongo huo upande wa chini, ili nusu ya jengo ikae juu ya ardhi ya asili na nusu nyingine juu ya kifusi, yaani udongo uliojazwa. Ardhi ya asili imeshindiliwa na karne nyingi. Kifusi, katika mfano huu, kilishindiliwa na mjenzi mwenyewe, aliyeruka juu yake kwa muda wa dakika ishirini akiwa na raba miguuni. Bibi mmoja wa jirani, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, alisimama, akaangalia, akasema, "Mwanangu, hapo maji hupita." Mjenzi alimwamkia, akashukuru, akaeleza kwamba hakuna maji yoyote yanayoonekana, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Februari.

Masika huanza Machi. Wenyeji wote wa mteremko ule huchimba mtaro nyuma ya nyumba, upande wa juu, ili maji yanayoshuka yageuzwe kando kabla hayajagonga ukuta, na kazi hiyo haihitaji saruji wala misumari, ila jembe na asubuhi mbili. Lakini mtaro haukuwamo kwenye daftari, na kitu kisichokuwamo kwenye daftari kilihesabiwa kuwa anasa. Mvua ya kwanza kubwa ilipofika, maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapita chumbani taratibu kama mgeni anayekagua nyumba ya kupanga, yakatoka kwa mlango wa mbele, na kuondoka na sehemu ya kifusi. Upande wa chini wa jengo ukashuka kwa urefu wa vidole vinne. Tangu hapo kitu chochote cha mviringo kinachowekwa sakafuni, iwe ni chungwa au betri ya redio, huelekea kona moja ileile bila kusukumwa, na kona hiyo sasa hutumika rasmi kama ghala.

Haki inadai itajwe kwamba ratiba nayo ilikuwa na hitilafu ya kimaumbile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na zege, kwa kanuni inayofahamika na wahandisi wote, huhesabiwa kuwa limefikia nguvu inayotarajiwa baada ya siku 28. Mjenzi aliyemwaga zege siku ya kwanza ya likizo yake, na akaamua kulisubiri kitaalamu, angerudi kazini siku ileile ambayo msingi ungekuwa tayari kupokea ukuta. Mjenzi huyu alisubiri siku nne.

Kuta zilijengwa kwa mabanzi. Banzi ni kipande cha pembeni kinachobaki gogo linapopasuliwa mbao, upande mmoja ukiwa umenyooka kwa msumeno na upande wa pili ukiwa bado na mviringo wa mti na gome lake, na kwa kuwa maeneo haya yana mashamba ya misonobari, likiwamo lile la Shume, mabanzi hupatikana kwa bei inayomfanya mnunuzi aone kwamba waliojenga kwa mbao halisi walipumbazwa. Bei hiyo ina sababu. Msonobari uliopasuliwa wiki hii bado una maji mengi ndani yake, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyosinyaa na kupinda, kila ubao ukielekea upande unaoupenda wenyewe. Kufikia Agosti nafasi kati ya banzi na banzi zilikuwa zimepanuka kiasi kwamba mkaazi aliweza, bila kuinuka kitandani, kuhesabu kabichi za jirani, na jirani, ambaye pia ana macho, aliweza kufahamu ni saa ngapi watu wa mjini huamka. Gome nalo lilikuwa na wapangaji wake, wadudu waliokula usiku kwa sauti ya kalamu inayoandika, na dawa iliyopendekezwa kijijini, yaani oili chafu iliyomwagwa gereji na kupakwa kwa brashi, iliwaondoa wadudu pamoja na wageni wote wa wikiendi mbili zilizofuata.

Umbo la kibanda linahitaji sentensi yake. Fundi yeyote wa kijijini hupata kona mraba kwa kamba, akipima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kuhakikisha kwamba mshazari unaoziunganisha ni futi 5 kamili. Kanuni hiyo ni ya Pythagoras, lakini fundi huiita tatu-nne-tano na hamdai mtu ada ya masomo. Mjenzi mwenye shahada alipima kona kwa jicho. Matokeo yake ni jengo lenye umbo ambalo vitabu vya hisabati huliita msambamba, jina ambalo Wasambaa, pamoja na mfanano wake wa kutia shaka, hawahusiki nalo kwa lolote.

Bati linapimwa kwa geji, na geji ni kipimo cha unene kinachokwenda kinyume na matarajio ya mtu wa kawaida, kwa kuwa namba inapopanda unene hupungua: bati la geji 28 ni nene, la geji 30 ni jembamba zaidi, na la geji 32 hupindika kwa mkono wa mtoto mwenye bidii. Mnunuzi aliyeona kwamba geji 32 inauzwa kwa bei ya chini kuliko geji 28, na akaamini kwamba muuzaji amekosea, alilipa haraka na kutoka dukani bila kugeuka nyuma. Kosa la pili lilifanyika juu ya paa lenyewe, ambako misumari ya bati hutakiwa kupigwa kwenye mgongo wa mkunjo, mahali ambapo maji hayakai, badala ya kwenye bonde lake, mahali ambapo ndipo maji yanapopita. Lakini bondeni bati hugusa papi, yaani zile mbao zinazolishikilia, na nyundo huko hutua vizuri, hivyo misumari yote 180 ikapigwa bondeni kwa unadhifu mkubwa. Hivi ndivyo paa moja lilivyopata matundu 180 yaliyopangwa kwa mistari, na matone yake, yakisikilizwa kwa moyo wa subira, yana mpangilio.

Dohani, yaani bomba la kutolea moshi wa mekoni, iliongezwa mwishoni kwa kuwa usiku wa Julai mlimani hauna masihara. Kanuni ni kwamba mdomo wa dohani upite kilele cha paa kwa sentimita 60 hivi, ili upepo unaokipita kilele usiurudishe moshi chini; bomba lililokuwapo liliishia chini ya kilele, na kulirefusha kulihitaji kipande kimoja zaidi. Jioni, upepo unapopanda kutoka bondeni, moshi hushuka, huketi pamoja na wenyeji wake, na kuwatoa machozi ambayo mgeni asiyejua hudhani ni ya furaha ya kumiliki.

Fundi wa kijiji, mtu wa makamo asiyependa maneno, aliitwa hatimaye. Alizunguka kibanda mara moja akiwa na timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma unaoonyesha wima, akautundika kwenye kila kona, akaukunja, akauweka mfukoni. Alisema kwamba kubomoa na kujenga upya kungegharimu shilingi milioni mbili na laki nane, pamoja na mtaro. Daftari, wakati huo, lilikuwa limefika milioni sita.

Kibanda bado kimesimama, na mtaro umechimbwa, na yule bibi hupita kila asubuhi bila kusema neno, jambo linaloonyesha malezi mema. Njia ya miguu hukauka kuanzia Juni. Wasomaji wanakaribishwa sana, na kila mmoja anaombwa apande na mfuko mmoja wa saruji.